Pasaka na Mlango wa Jirani

Katika siku hizi hamsini za Pasaka, tangu Dominika ya Ufufuko mpaka Pentekoste, twapenda kuwaongoza wasomaji wetu mpaka mahali pa mbali, kisiwa cha Ireland. Wala hatuendi nyumbani kwa Wakatoliki wenzetu, ambao huko ndio wengi, bali katika parokia ndogo za Waanglikana wa nchi ile, ambao huitwa Kanisa la Ireland. Labda mtu atauliza: Gazeti la Wakatoliki lina haja gani na Pasaka ya Waanglikana? Haja ipo, tena si ndogo. Maana katika habari za kundi lile limo swali ambalo kila mwamini hana budi kulijibu mbele ya Mungu: Mtu mwenye hakika ya imani yake, tena mwenye wenzake wengi, ana wajibu gani kwa jirani mwenye wenzake wachache?

Tutazame kwanza jinsi wanavyoishi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, Jamhuri ya Ireland ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5. Katika kila watu 100, kama 69 walijiandikisha kuwa Wakatoliki, na wa Kanisa la Ireland walikuwa kama 2 tu. Kwa hiyo huko mashambani parokia yao mara nyingi si kanisa moja, bali ni makanisa matatu au manne yaliyounganishwa chini ya kasisi mmoja, naye huenda mbio kutoka hili mpaka lile. Pasaka huwakuta baridi ikianza kuondoka, majani yakichipua, na wana-kondoo wakionekana malishoni. Siku ya Ijumaa Kuu huimba wimbo juu ya Kalvari uliotungwa na mwanamke wa Kanisa lao, Cecil Frances Alexander, na kupigwa chapa mwaka 1848 katika kitabu cha watoto. Nao Wakatoliki wengi huuimba pia. Jumamosi wake kwa waume hukutana kufagia, kung'arisha vyombo vya shaba, na kupamba madirisha kwa majani mabichi na maua. Asubuhi ya pili kengele hulia, nao hata wasioonekana mwaka mzima huja.

Kitabu chao cha Sala cha tangu zamani kiliagiza kila mwamini apokee Komunyo walau mara tatu kwa mwaka, na mara moja katika hizo iwe Pasaka. Sisi nasi, tangu Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215, twaagizwa kupokea walau mara moja kwa mwaka wakati wa Pasaka. Twajua kwamba meza zetu bado hazijawa moja, wala hatufichi jambo hilo. Hata hivyo, aliyezishika siku zile zile, akamlilia Bwana yule yule Ijumaa, akamshangilia Jumapili, si mgeni kwetu.

Liko jambo jingine linalofungamana na Pasaka katika parokia hizo, nalo lastahili kusifiwa. Kwa desturi, karibu na sikukuu hiyo, waamini walioandikwa katika daftari ya parokia hufanya mkutano wao wa mwaka. Hesabu za fedha husomwa mbele ya wote. Wazee wawili wa kanisa huwekwa, mmoja kwa kuteuliwa na kasisi, mwingine kwa kuchaguliwa na watu, tena huchaguliwa halmashauri ya kutunza mali na majengo. Hapo huzungumzwa habari za paa linalovuja na ukuta wa makaburi uliobomoka, kisha hunywewa chai. Mambo hayo huonekana madogo, lakini mahali penye jamaa kumi tu kila mtu hutakiwa. Mpiga kinanda akiugua, wimbo hauimbwi. Mtunza fedha akihama, daftari hubaki bila mwenyewe. Katika mtumbwi mdogo hakuna abiria, kila mtu ana kasia lake. Sisi wa parokia kubwa, ambao twaweza kukosa Misa mwezi mzima asitambue mtu, tungefaa kujifunza hapo.

Basi, kundi hili limekuwaje hivi? Yatupasa kusema kweli kwa pande zote mbili. Zamani Kanisa la Ireland lilikuwa dogo kwa hesabu, lakini kubwa kwa nguvu. Tangu karne ya 16 lilikuwa Kanisa la serikali. Hata mwaka 1861, katika kila watu 100 wa kisiwa kile, kama 12 tu walikuwa wa Kanisa hilo, nao Wakatoliki walikuwa karibu 78. Na kwa miaka mingi mkulima Mkatoliki alilazimishwa na sheria kutoa zaka ya kumlisha kasisi wa Kanisa asilosali. Mwezi wa Desemba 1834, karibu na Rathcormac katika wilaya ya Cork, askari walipelekwa kudai zaka ya mama mjane, na watu zaidi ya kumi waliuawa. Mwaka 1838 sheria ya zaka ikageuzwa. Mwaka 1869 Bunge la London likapitisha sheria nyingine, na tangu tarehe 1 Januari 1871 Kanisa la Ireland likaacha kuwa Kanisa la serikali. Ndipo waamini wake wakalazimika kujitegemea, na mikutano ile ya parokia tuliyoisifu ikazidi kuwa na maana.

Sehemu kubwa ya kisiwa ilipopata kujitawala mwaka 1922, mambo yaligeuka. Wakatoliki, waliokuwa wamekanyagwa kwa karne nyingi, sasa ndio walikuwa wengi na wenye nguvu. Je, waliokanyagwa jana walijua kutembea leo bila kukanyaga? Mara nyingi ndiyo. Lakini si kila mara. Mwaka 1949 alifariki Douglas Hyde, rais wa kwanza wa nchi ile, mtoto wa kasisi wa Kanisa la Ireland. Maziko yake yalisaliwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Patrisi la Waanglikana mjini Dublin. Kwa kuwa Wakatoliki walikatazwa siku zile kuhudhuria ibada ya Waprotestanti, mawaziri Wakatoliki, isipokuwa mmoja, walingoja nje katika magari yao. Rais wa nchi alizikwa, na wenzake hawakuvuka kizingiti.

Jambo zito zaidi lilitokea mwaka 1957 katika kijiji cha Fethard-on-Sea, wilaya ya Wexford. Mkulima Mkatoliki alikuwa amemwoa mke wa Kanisa la Ireland. Kwa kufuata amri ya Kanisa letu ya mwaka 1907 juu ya ndoa za mchanganyiko, mke aliahidi kwamba watoto watalelewa Kikatoliki. Binti wa kwanza alipofikia umri wa kwenda shule, aliambiwa kwamba ni lazima aende shule ya Kikatoliki. Mama hakukubali. Pasaka ya mwaka ule ilikuwa tarehe 21 Aprili. Tarehe 27, siku ya Jumamosi kabla oktava haijaisha, aliondoka na binti zake wawili, akaenda Belfast, na baadaye Scotland.

Katikati ya mwezi wa Mei, Wakatoliki wa kijiji walianza kuwasusia majirani zao wote wa Kanisa la Ireland, wakiwadhania kuwa walimsaidia kutoroka. Wateja waliacha kuingia katika maduka yao. Mwalimu wa muziki alikosa wanafunzi. Mwalimu Mkatoliki aliyefundisha katika shule yao ndogo aliacha kazi. Kupaa Bwana kulikuwa tarehe 30 Mei, na Pentekoste tarehe 9 Juni. Sikukuu hizo zilisomwa katika makanisa yote mawili ya kijiji, na watu wa pande zote mbili walipotoka nje walipitana njiani bila salamu.

Wasomaji wetu wengine watauliza: Je, mama yule hakuvunja ahadi? Na imani ya watoto si kitu cha thamani kuliko biashara ya duka? Maswali hayo ni ya haki, nasi hatutaki kuyakwepa. Ahadi ni ahadi, na imani ya mtoto ni hazina. Lakini tufikiri vema. Kwanza, mwenye duka hakuweka ahadi yo yote, wala mwalimu wa muziki hakutia sahihi karatasi. Kosa ni la mtu na nafsi yake. Kumwadhibu mtu kwa jambo asilolitenda, kwa sababu tu anasali pamoja na aliyelitenda, ni dhuluma, hata likifanywa kwa jina la dini. Naam, zaidi likifanywa kwa jina la dini. Pili, kumnyima mtu riziki si hoja. Njaa yaweza kumfanya mtu akubali kwa midomo, lakini haiwezi kumfanya asadiki. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, tarehe 7 Desemba 1965, ulitangaza wazi kwamba mtu asishurutishwe katika mambo ya dini kinyume cha dhamiri yake. Fundisho hilo lilitangazwa miaka minane baada ya mambo ya Fethard, lakini haki ya jirani haikuanza mwaka ule.

Tatu, tuiangalie silaha yenyewe. Kususia watu namna hii kulipata jina lake la Kiingereza huko huko Ireland mwaka 1880, kutokana na jina la msimamizi wa mashamba wilayani Mayo, Charles Boycott, ambaye wakulima maskini walikataa kumfanyia kazi wala kumwuzia kitu. Hapo ilikuwa silaha ya mnyonge juu ya mwenye nguvu. Mwaka 1957 silaha ile ile ilishikwa na wengi juu ya wachache. Chombo hakikubadilika, mikono ndiyo iliyobadilika. Na hapa ndipo lilipo jibu la swali letu. Mwamini asijiulize tu, Je, nina haki? Ajiulize pia, Je, nina nguvu gani juu ya mwenzangu leo? Kwani kila uwezo tulio nao juu ya jirani ni deni tunalodaiwa, na Mungu ndiye atakayelidai.

Walikuwako waliolijua hilo. Mume aliyeachwa, ambaye ndiye aliyetendwa, alikataa kabisa kuwasusia majirani zake. Baadhi ya Wakatoliki wengine wakafanya kama yeye. Mwezi wa Julai waziri mkuu Éamon de Valera, naye Mkatoliki, aliyalaumu matendo yale mbele ya Bunge. Kabla mwaka haujaisha, padre wa kijiji mwenyewe aliingia katika duka la Mprotestanti, akanunua pakiti ya sigara. Watu wakaelewa kwamba mambo yamekwisha. Mume na mke walipatana, wakarudi nyumbani. Na watoto? Hawakupelekwa shule ya upande wo wote, walifundishwa nyumbani. Hivyo waliosusia hawakupata hata ule ushindi walioutafuta, na majeraha yakabaki kijijini kwa miaka mingi.

Mwaka 1970 Papa Paulo VI aliipunguza ukali sheria ya ndoa za mchanganyiko: asiye Mkatoliki hadaiwi tena ahadi, bali Mkatoliki huahidi kufanya kadiri awezavyo. Mwaka 1998 askofu Mkatoliki wa Ferns aliomba radhi hadharani kwa ajili ya mambo ya Fethard. Miaka arobaini na mmoja ilikuwa imepita. Wengi wa waliodhulumiwa walikuwa makaburini. Mwaka uo huo, siku ya Ijumaa Kuu tarehe 10 Aprili, yalifikiwa mjini Belfast mapatano ya amani ya Ireland Kaskazini. Na siku hizi, katika miji mingi ya kisiwa kile, Wakatoliki na Waanglikana hutembea pamoja barabarani Ijumaa Kuu nyuma ya msalaba mmoja. Radhi iliyochelewa ni afadhali kuliko isiyokuja, lakini heri radhi inayoombwa jioni ile ile.

Sasa turudi nyumbani. Imani yetu wengine tuliipokea kwa mikono ya mapadre waliotoka Ireland. Nasi pia twakaa na majirani wa kila dhehebu na dini. Mahali pengine sisi ndio wengi, mahali pengine ni wachache. Baba wa nyumba, mama wa nyumba, mwajiri, mwalimu, mwenye duka, kila mmoja na ajichunguze. Je, tumemnyima mtu kazi kwa sababu ya kanisa lake? Tumekaa nje ya mazishi ya jirani? Binti yetu akiolewa na mtu wa dhehebu jingine, twawachukia wakwe zake ambao hawakutenda neno? Kuishika imani yetu kwa uthabiti ni wajibu. Kuifanya fimbo ya kumpigia mwingine ni dhambi.

Jioni ya Pasaka ya kwanza wanafunzi walikuwa wamejifungia ndani kwa hofu. Bwana aliingia, akawaamkia kwa amani, akawaonyesha majeraha yake. Hakuja kulipiza kisasi kwa wale waliomkimbia. Basi, aliyeipokea amani ile hawezi kuigeuza kuwa hofu mlangoni kwa mwenzake. Huko Armagh yako makanisa makuu mawili, yote yenye jina la Mtakatifu Patrisi, moja la Wakatoliki na moja la Kanisa la Ireland, kila moja juu ya kilima chake. Mapokeo husema kwamba Patrisi aliwasha moto wa Pasaka juu ya kilima cha Slane. Moto uliowashwa juu ya kilima hauchagui atakayeuona. Tumwombe Bwana Mfufuka atujalie neema ya kuvuka kizingiti cha jirani yetu kabla Pentekoste haijafika.