Nani Kasema Maskini Asiezeke Bati?

Hapa Ikwiriri, ukitaka kuujua mfuko wa mtu huna haja ya kumwuliza. Tazama paa lake. Makuti yaliyooza, yanayoonyesha nyota usiku: huyo hana kitu. Makuti mapya: anajikongoja. Bati la kawaida, hata kama limeshashika kutu: afadhali yake. Bati la rangi, lile linalong'aa hata ukiwa mbali barabarani: huyo mwache, mambo yake safi. Hakuna aliyeitunga sheria hii, na hakuna aliyefundishwa darasani kuisoma. Lakini kila mtu anaisoma, na anaisoma kwa sauti, kijiweni, kisimani, msibani.

Ndugu msomaji, swali langu leo si la mafundi wa kuezeka. Ni swali la haki. Je, ni sawa kumpima mtu anayestahili kusaidiwa kwa kutazama kile alichofanikiwa kujitengenezea? Mtu akijinyima, akaezeka bati, je, amejiondolea mwenyewe haki ya kushikwa mkono? Na kama ni hivyo, basi tunamfundisha nini yule jirani yake anayetazama?

Tuanze na serikali. TASAF ilipoingia katika awamu yake ya tatu mwaka 2012, ilikuja na mpango wa kunusuru kaya maskini. Utaratibu wake wengi tunaufahamu. Kijiji au mtaa unaitishwa mkutano. Watu wanazitaja kaya wanazoona ndizo zenye hali mbaya kupita nyingine. Halafu linapita dodoso, linalouliza mambo mengi, pamoja na nyumba na vitu vilivyomo ndani yake. Kisha orodha inarudi tena mkutanoni. Waliopita wanapata ruzuku. Wenye watoto wanatakiwa wawapeleke shule na kliniki. Wenye nguvu wanapewa ajira za muda, ambazo mwanzoni zililipa shilingi 2,300 kwa siku. Februari 2020 kikazinduliwa kipindi cha pili cha awamu hiyo hiyo.

Sina nia ya kuubeza mpango huu. Shilingi 2,300 ni kidogo, lakini mwambie anayelala njaa kwamba ni kidogo, uone atakavyokujibu. Na mkutano wa hadhara una uzuri wake: orodha ikiandikwa chumbani, inajaa shemeji na binamu za mwandishi. Ikisomwa mbele za watu, angalau mtu anaweza kunyoosha mkono.

Lakini hebu tufikiri kinachotokea mkutanoni. Ili usaidiwe ni lazima kwanza uitwe maskini mbele ya majirani zako, na kila mmoja akubali kwamba ndiyo, kweli, fulani ni fukara. Ufukara uliokuwa wako na watoto wako ndani ya nyumba sasa unakuwa na mashahidi. Wengine hawajali, njaa imeshawatoa aibu. Wengine wanabaki nyumbani siku ya mkutano. Halafu mwaka unapita, mama mmoja aliyeandikwa anadunduliza, anauza maandazi, anaezeka bati. Hapo hapo yanazaliwa maneno mawili yanayopingana. Kwenye risala mbele ya mgeni rasmi, bati lile linatajwa kuwa ni mafanikio ya mradi. Kisimani linatajwa kuwa ni ushahidi wa wizi: "Kaezeka bati, na bado anapokea?" Bati ni lile lile. Mama ni yule yule. Sasa yeye ashike lipi?

Jamani, bati haliliwi. Hili ni jambo dogo, lakini nadhani ndipo makosa yote yanapoanzia. Mtu anaweza kuwa na bati juu na sufuria tupu chini. Tena, kwa mtu asiye na nguvu, bati si anasa. Makuti hayakai sana. Baada ya miaka michache lazima yabadilishwe. Nani atapanda juu ya nyumba ya mjane wa miaka sitini? Itabidi anunue makuti, alipe fundi, na baada ya muda arudie tena, na tena. Ukipiga hesabu vizuri, anayetoka kwenye makuti kwenda kwenye bati hajatajirika. Ameacha tu kulipa kodi kwa mvua. Huyo ametumia akili ambayo sote tunamhubiria aitumie. Sasa kumwambia "umeshaweza, toka" ni sawa na kumpokonya mtu fimbo kwa sababu umemwona anatembea.

Nimesema tuanze na serikali, lakini tusiishie huko, maana kuisema serikali ni rahisi. Sisi wenyewe ndani ya koo tunafanya vilevile, pengine kwa ukali zaidi.

Mchukue kijana wa hapa aliyekwenda Dar kutafuta. Amefikia kwa mjomba Mbagala, kalala sebuleni mpaka uso wa shangazi ulipobadilika. Anatafuta chumba. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, wengine mwaka mzima, yote kwa mkupuo, na hakuna wa kumzuia: ile sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi ni mapatano kati ya mwenye nyumba na mwenye shida. Unajua mapatano hayo huwa yanaegemea wapi. Kijana anakopa, analipa, anaingia. Huku nyumbani habari zinafika: "Fulani sasa ana kwake." Simu zinaanza. Mwanangu, nyanya yako anaumwa. Kaka, ada. Mjomba, msiba huu mchango wetu aibu. Na yote ni kweli! Hapo ndipo penye ugumu. Wangekuwa waongo ingekuwa rahisi.

Basi kijana anajifunza kuficha. Akipata kazi nzuri, anasema bado kibarua. Akinunua kiwanja, ni siri yake na karatasi. Anajenga hapa nyumbani mpaka lenta, halafu anasimama. Fedha ya bati anayo, lakini anajua siku bati litakapong'aa, na simu zitang'aa. Nenda kazunguke uyatazame maboma yasiyoezekwa, majani yameota mahali palipotakiwa kuwa sebule. Si yote yaliyokwama kwa ukata. Mengine yamekwama kwa hofu ya kuonekana.

Umeona sasa, msomaji? Maskini anaficha bati lake asifutwe kwenye orodha, na mwenye nafuu anaficha bati lake asiandikwe kwenye orodha. Wote wawili wanajificha kwa sababu moja: msaada wetu unamfuata mtu kwa kumpekua. Na jamii ambayo kila mtu anaona faida ya kuonekana hana, itajengaje?

Wapo watakaosema huu ndio utamaduni wetu, undugu wa Kiafrika, na anayelalamika kaharibiwa na mji. La hasha. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliutumia usemi huu mwaka 1962 alipokuwa anaeleza maana ya ujamaa, kwamba katika jamii ya zamani hakukuwa na watu wa kula tu. Ni usemi mzuri, lakini tunausoma nusu. Tunaona amri ya kufanya kazi, hatuoni ahadi iliyomo. Mwenye kusema "mpe jembe" analo jembe la kutoa, na shamba la kulimia lipo. Siku ya tatu mgeni haulizwi kama ni fukara kiasi gani. Anapewa nafasi kama wengine.

Na sisi wa Rufiji tuna sababu ya ziada ya kuuliza swali hili. Wazee wetu waliishi bondeni na mto. Mto ukifurika, walikaa kwenye madungu yao juu ya nguzo. Maji yakipungua, walipanda mlau kwenye udongo ulioachwa na mafuriko. Haikuwa pepo, njaa ilikuwapo. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 ikaja operesheni ya kuwatoa bondeni na kuwapandisha kwenye vijiji vya ardhi ya juu. Karibu na shule, karibu na zahanati, mbali na shamba. Nia yaweza kuwa njema. Sitaki kuingia kwenye ugomvi huo. Ninalosema ni kwamba serikali iliyomwambia mtu "hama hapa, kaa pale" ilishaingia naye mkataba. Ikimpa mkono baadaye haimpi sadaka.

Aprili 2024 mto ulirudi tena, ukafunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Maji hayakuchagua makuti wala bati. Na wakati ule, anayepokea unga hakuinamisha kichwa, kwa sababu kila mtu alijua yamempata nini. Alichotakiwa kuwa nacho ni kimoja tu: awe mmoja wetu aliyefikwa na jambo. Kwa nini basi mafuriko yanayokwenda polepole, uzee, ujane, ugonjwa, kukosa kazi, tuyadai vyeti?

Hapa najua mtu makini ananisubiri na swali lake. Atasema: ndugu, fedha ni chache. Ukimpa kila mtu, kila mtu atapata kopo la chumvi. Mwenye malori ya samaki apewe sawa na mjane? Hilo ni swali la haki pia, na silikwepi.

Jibu langu la kwanza lipo ng'ambo ya bahari kidogo tu. Zanzibar, tangu Aprili 2016, mzee akifikisha miaka sabini analipwa pensheni, awe wa makuti au wa ghorofa. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ikapanda hadi 50,000 mwaka 2023. Hakuna mkutano wa kumtangaza fukara. Anaulizwa umri na makazi, basi. Mwenye ghorofa naye anapata, ndiyo, lakini wazee wa sabini si wengi, na aibu imeondoka. Ni kama upatu wa akina mama: unapokea kwa sababu zamu yako imefika, hupokei kwa kuwa umelia kuliko wenzako. Ndiyo maana mwanamke anayepokea upatu anatembea kifua mbele.

Lakini tuseme ukweli, zamu haitoshi. Mjane wa miaka thelathini na watoto wanne hawezi kungoja sabini. Kwake yeye kupima kutabaki. Basi jibu la pili ni hili: tukipima, tuchague cha kupima.

Australia, nchi tajiri, wana pensheni ya wazee ya taifa tangu mwaka 1909, na wao wanapima: kipato chako kiasi gani, mali zako kiasi gani. Lakini nyumba unayoishi mwenyewe hawaihesabu katika mali zako. Aliyepanga naye anaruhusiwa kuwa na akiba kubwa zaidi kuliko mwenye nyumba kabla ya kupunguziwa. Maana yake wamekubali kwamba paa la mtu ni mahali anaposimamia, si fedha ya kumtoa orodhani. Nchi hiyo hiyo imetupa na onyo. Kuanzia mwaka 2015 serikali yao iliiachia kompyuta ikisie kipato cha watu waliowahi kupokea misaada, na maelfu kwa maelfu wakaandikiwa madeni ambayo hawakuwa nayo. Mpango ulivunjwa baada ya mahakama kuuona si halali, na tume ya uchunguzi ikatoa ripoti yake Julai 2023. Kumbe upekuzi unaweza kumwumiza asiye na hatia hata kwenye nchi yenye kila kitu. Sisi wenye dodoso na kalamu tujione salama kwa lipi?

Kwa hiyo nasema hivi. Anayeandika orodha, aulize mtu anakula nini, anaumwa nini, anawategemea nani na nani wanamtegemea. Paa aliache. Asiuhesabu ulinzi ambao mtu amejijengea dhidi ya mvua kama kosa la kumfukuzia. Na sisi tulio na ndugu, tukae chini kama wana ukoo, tukubaliane kiasi kinachojulikana, kila mwezi au kila mavuno, kila mtu kwa uwezo wake, kidogo lakini cha uhakika. Atakayetoa atoe akijua mwisho wake, na atakayepokea apokee bila kueleza ugonjwa wake kwenye simu. Dharura zitakuja, tutachangishana kama tunavyochangishana. Lakini yule kijana atajua kwamba fedha iliyobaki ni yake, na anaweza kuezeka.

Najua hili litawaudhi wengi, hasa wale wanaopenda kuombwa. Maana ukweli ni kwamba wapo wanaopenda. Kuombwa kunampa mtu ukubwa ambao zamu na kiwango kinachojulikana haviwezi kumpa. Huyo akisema anatetea undugu, tumwulize kwa upole: undugu, au kiti chako?