Chini ya Mstari wa Maji

Rangi nyeusi inayopakwa chini ya boti ina kazi mbili, na kwa macho tu huwezi kuzitofautisha. Inakinga chuma kisiliwe na kutu. Pia inaficha kutu ambayo imeshakila chuma. Brashi ni ileile, lami ni ileile, na mpita njia ataona kitu kimoja tu: boti iliyotunzwa. Ikiwa mkono unafanya kitendo kilekile, basi kutunza na kuficha vinatenganishwa na nini? Kwangu hili si swali la darasani. Mwaka jana brashi hiyo ilikuwa mkononi mwangu.

Boti ninayoizungumzia ni ya chuma, ndefu na nyembamba, ya aina inayopatikana kwenye mifereji ya Uingereza. Wembamba wake una historia. Katika karne ya 18, mhandisi James Brindley na wenzake walipochimba mifereji ya katikati ya nchi hiyo, walijenga vyumba vya maji vyenye milango, vya kupandishia na kushushia vyombo pale ardhi inapobadilika kimo. Vyumba hivyo vilikuwa na upana wa futi 7 hivi. Mfereji wa Trent and Mersey ulikamilika mwaka 1777, na tangu hapo chombo kinachotaka kupita kwenye mifereji ya namna hiyo hakina budi kuwa chembamba, hata kama urefu wake unazidi mita 20. Farasi walivivuta vyombo hivyo kutoka ukingoni, vikiwa vimebeba makaa ya mawe na vyombo vya udongo, huku familia nzima ikiishi kwenye kijumba kidogo upande wa tezi. Reli ikaja, kisha malori, na kufikia 1970 biashara ya mizigo ilikuwa karibu imekwisha. Leo boti hizo kwa wengine ni za mapumziko. Kwa wengine, hasa waliolemewa na kodi za nyumba mijini, ndiyo nyumba yenyewe.

Rafiki ninayesoma naye uzamili Birmingham alirithi moja kutoka kwa babu yake. Ilijengwa mwaka 1981, ina urefu wa mita 15, na aliishi humo kwa sababu chumba cha kupanga kilimshinda. Mimi nilianza kwenda kumsaidia siku za Jumamosi kwa sababu nyingine. Nimekulia Pangani, kwa mjomba wangu anayetengeneza mashua, na tangu nifike Uingereza sikuwa nimegusa chombo chochote.

Hakuna kati yetu aliye fundi. Tulijifunza kwa kitabu cha injini chenye alama za vidole vya grisi vya babu yake, na kwa kuuliza majirani wa mferejini. Pale shafti ya propela inapotokea nje ya boti pana pakingi iliyoshindiliwa kuzuia maji. Ukimaliza safari unazungusha mkono wa pampu ya grisi kidogo kidogo mpaka matone yakome. Pembeni, chini ya maji, pamechomelewa vipande vya magnesiamu viitwavyo anodi, ambavyo huliwa ili chuma cha boti kisiliwe. Mlango wa jiko la makaa una kamba ya kuzuia moshi, nayo lazima ibadilishwe ikichakaa, maana mlango usiobana huweza kuachia usiku hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Gesi ya kupikia hatukuigusa. Aliitwa fundi aliyesajiliwa. Kwa asiye fundi, kujua ni wapi pa kuweka spana chini ni sehemu ya ufundi.

Kazi iliyotuchosha kuliko zote ilikuwa chini ya sakafu. Boti hizi huwekewa farumi ili zitulie, na babu wa rafiki yangu alitumia vigae vizito vya saruji, vile vya kutandikia njia. Tulipong'oa mbao tulikuta maji ya miaka mingi, meusi, yametuama katikati ya vyuma vya kubebea sakafu. Mengine yalikuwa ya mvua iliyopenya kwenye fremu za madirisha, mengine ni mvuke wa pumzi na wa masufuria uliogeuka matone na kushuka. Kutu ilikuwa imekula kutoka ndani, kimya kimya, huku nje boti ikipakwa lami kila baada ya miaka 2 au 3 kama inavyotakiwa. Wikiendi tatu tulitoa kigae kimoja kimoja, tukakwangua kwa brashi ya chuma, tukakausha, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, tukafunga pampu mpya ya kukumba maji, kisha tukarudisha farumi juu ya vipande vya mpira ili hewa ipite. Mbao zikarudishwa juu yake. Hakuna atakayeiona kazi hiyo.

Nilidhani wakati ule kwamba hapo ndipo penye fadhila: kufanya vizuri pale pasipoonekana. Siku hizi sioni kama kulikuwa na fadhila kubwa. Fundi wa kulipwa akimaliza kazi huenda zake; mwenye chombo hulala juu ya kazi yake. Ukiripua, maji yatakujia wewe kitandani. Uaminifu wa mtu kwa chombo anachokitumia mwenyewe hauna gharama kubwa, kwa sababu mto wenyewe unamsimamia. Mtihani huanza siku anayotaka kukiuza.

Siku hiyo ilifika. Rafiki yangu alipata kazi Scotland, alikuwa na madeni ya masomo na ya kuishi, na boti ndiyo iliyokuwa mali yake pekee. Tuliipeleka kwenye chelezo, ikatolewa majini, ikaoshwa kwa maji ya kasi. Mkaguzi akaja na nyundo na kipimo cha mawimbi ya sauti, akaizunguka akigonga na kuandika tarakimu kwa chaki juu ya chuma. Boti ilipokuwa mpya pembeni palikuwa na unene wa milimita 5. Sehemu kubwa sasa ilisoma 4 na ushee. Lakini karibu na tezi, pale maji na hewa hukutana, palikuwa na kiraka chenye urefu kama wa mlango kilichosoma 3 na kidogo, na humo ndani mashimo madogo yaliyozama zaidi. Makampuni mengi ya bima hutaka angalau milimita 4. Dawa inajulikana: kuchomelea pleti mpya juu ya ile ya zamani. Gharama yake ilizidi kila alichokuwa nacho benki.

Bwana mmoja aliyekuwa akitengeneza boti yake jirani yetu alitushauri kwa nia njema kabisa. Pakeni lami, alisema, irudisheni majini, iuzeni wakati wa kiangazi. Mnunuzi ana macho yake, na akitaka atamleta mkaguzi wake. Sheria ilikuwa upande wake. Kule, mtu binafsi anayeuza chombo chake haruhusiwi kusema uongo, ila halazimiki kutaja asiloulizwa. Hata cheti cha usalama ambacho boti za mifereji lazima ziwe nacho, kinachotolewa kila baada ya miaka 4, hukagua gesi, mafuta, umeme na hatari ya moto. Unene wa chuma haukaguliwi. Rafiki yangu angeweza kuuza boti yenye karatasi zote halali, bila kutamka uongo hata mmoja, na mnunuzi akalala usiku akiwa ametenganishwa na maji kwa chuma chenye unene wa sarafu mbili.

Mgogoro huu ni wa zamani. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero alimwandikia mwanawe, aliyekuwa mwanafunzi Athens, kitabu kuhusu wajibu. Humo anasimulia ubishi wa wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na Antipater, juu ya mtu anayeuza nyumba ambayo yeye peke yake anajua kwamba ina nyoka vyumbani na imejengwa kwa mbao mbovu. Diogenes anasema kunyamaza si kuficha. Hakuna aliyemlazimisha mtu kununua, na ni kichekesho kwa muuzaji kujitangazia ubovu wa mali yake. Antipater anasema asemaye hivyo ni sawa na anayemwacha mgeni apotee njia ilhali anaijua. Cicero anasimama na Antipater: kunyamaza hugeuka kuficha pale unapotaka, kwa faida yako, mwenzako asijue jambo ambalo lingemfaa kulijua.

Niliposoma hayo nilikumbuka jambo tulilofundishwa madrasa tukiwa wadogo. Mtume alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikagusa unyevu. Mwenye nafaka akajitetea kwamba ilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Utotoni hadithi ile niliichukulia kuwa ya wezi wa sokoni. Lakini yule mtu hakudanganya. Alipanga tu kavu juu na mbichi chini.

Hata hivyo hoja ya yule bwana wa chelezoni haistahili kupuuzwa. Mnunuzi ni mtu mzima, na wakaguzi wapo. Kwa nini muuzaji mwenye madeni abebe mzigo wa uzembe wa mtu mwingine? Ningeikubali hoja hiyo kama wanunuzi wote wangekuwa sawa. Hawako sawa. Anayenunua boti ya bei kubwa humleta mkaguzi, kwa kuwa ada ya ukaguzi na ya kuitoa boti majini ni kitu kidogo mbele ya bei yake. Anayenunua boti ya zamani ya bei ya chini ni yule ambaye ada hiyo kwake ni kodi ya mwezi. Mara nyingi huyo hanunui chombo cha starehe. Ananunua paa. Kwa hiyo kanuni ya “mnunuzi ana macho” humlinda aliyekwisha kulindwa na pesa zake, na ukimya wa muuzaji humwangukia asiye na cha kujikinga.

Na mimi je? Boti haikuwa yangu. Deni halikuwa langu, na mgeni wa mwaka mmoja hana sauti kubwa katika mambo ya familia ya watu. Lakini lami ingepakwa kwa mkono wangu. Nilishindwa kujua kama msaidizi anawajibika kwa nia ya anayemsaidia, nikampigia mjomba.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Baridi haijakumaliza?”

Nikamweleza yote. Mjomba kila baada ya miezi kadhaa hungoja bamvua, akakiegemeza chombo mchangani maji yakitoka, akakalafati nyufa, kisha akapaka shahamu iliyochanganywa na chokaa, nyeupe pe. Shahamu nayo hukinga mbao na kufunika ubovu wake. Hakunipa hotuba.

“Mimi kabla ya kupaka humwita mwenyewe aje aone mbao,” alisema. “Sasa chombo hicho mwenyewe ni nani? Si huyo atakayekuja?”

Nilipomweleza rafiki yangu maneno hayo, alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniomba simu yangu kwa sababu kamera yake ilikuwa mbovu. Tukapiga picha kila tarakimu ya chaki kabla haijafutika. Tukaandika daftari: kiraka kiko wapi na kina unene gani, maji tuliyoyakuta chini ya sakafu, lini tulibadilisha pakingi, ni kazi ipi tuliifanya wenyewe na ipi aliifanya fundi. Ndipo tukapaka lami, mikono mitatu. Ilikuwa lami ileile ambayo tungeipaka kwa vyovyote vile. Aliyetazama kutoka ukingoni asingeona tofauti, na nadhani hapo ndipo jibu langu lilipo: tofauti ya kutunza na kuficha haimo ndani ya rangi. Imo katika kile kinachoandamana nayo, katika kama yule atakayekitegemea chombo baada yako ana njia ya kujua unachokijua. Ukarabati usiosemwa ni deni lililohamishiwa kwa mtu ambaye hakutia saini.

Wanunuzi wawili wa kwanza walisoma daftari, wakashukuru, wakaondoka. Wa tatu alikuwa muuguzi kijana aliyekuwa akitafuta mahali pa kuishi. Alipunguza bei kwa zaidi ya robo, na fedha hiyo ndiyo aliyomlipa fundi wa kuchomelea pleti.

Waswahili husema mficha uchi hazai. Sitautumia msemo huo kumsifia rafiki yangu, kwa sababu hajazaa kitu. Alikwenda Scotland akiwa bado na deni, na analilipa mpaka leo. Mimi sikupoteza hata senti, na insha nimepata. Mwenye kusisitiza ukweli mara nyingi siye anayeulipia, na hilo linanifanya nisite kila ninapotaka kulihubiri jambo hili kana kwamba ni jepesi.

Hivi karibuni nilimuuliza kama anajuta. Alisema bado anaamka usiku mvua ikinyesha, akisikiliza kama pampu inakumba maji. Kisha anakumbuka yuko chumba cha ghorofa ya tatu, na kwamba aliyeko majini anajua kila kitu alichokuwa akikijua yeye. Anageuka upande wa pili, analala.