Mtoto wa Ugenini na Nasaba Yake

 

Ndugu yetu mmoja mwenye asili ya Unguja, mkaazi wa Saint Paul huko Marekani, ameniletea suali kupitia jamaa zake walioko Maskati. Jirani yao wa zamani amefariki na kuacha kijana wa miaka minne pamoja na mama yake, mjane asiye na kitu. Ndugu huyu na mkewe hawakujaaliwa kizazi. Je, inafaa wamchukue mtoto huyo wakamlee kwao?

Kumlea yatima ni katika amali tukufu kabisa, na Mtume (S.A.W.) amemwahidi mlezi wake kuwa karibu naye Peponi. Lakini kulea ni jambo moja, na kumtwaa mtoto akawa wako kwa nasaba ni jambo jengine. Zayd bin Haritha alikuwa akiitwa mwana wa Muhammad mpaka ziliposhuka aya za Suratul Ahzab, akarejeshewa jina la baba yake. Basi nasaba ni amana ya mtoto, wala mlezi hana haki ya kuitoa wala kuificha.

Shida ya ndugu yetu ni kwamba kanuni ya uhamiaji ya Marekani haitosheki na kafala peke yake. Humtaka aazimie kumfanya mtoto kuwa wake, ombi lipelekwe kabla mtoto hajatimiza miaka 16, na nyumba yake na hali yake vikaguliwe. Kisha jimbo la Minnesota hutoa cheti kipya cha kuzaliwa chenye majina ya wazee wapya. Hata wao wameona uzito wa jambo hili: tangu Julai 2024 aliyelelewa hivyo, akitimiza miaka 18, anaweza kupewa cheti chake cha asili. Jina la mtoto halilazimiki kubadilishwa, basi lisiguswe. Mali ataandikiwa kwa wasia usiozidi theluthi, kwani hawi mrithi. Na kwa kuwa amekwishapita umri wa kunyonya, akibaleghe mke wa nyumba atajisitiri naye.

Haya yote yana njia. Lililonizuia ni jengine. Sisi twamwita yatima aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, na mama yake akiwa hai vilevile ni yatima. Kanuni yao, mama akiwa hai, humtaka ionekane kwamba hawezi kumlea, kisha atie saini kuwa amemtoa mwanawe moja kwa moja, bila ya kurejea. Nani kati yenu, enyi mama mnaosoma haya, angetia saini hiyo kama si njaa?

Huko Minnesota wamo watu wazima wengi waliochukuliwa utotoni kutoka Korea Kusini. Machi 2025 tume ya ukweli ya nchi hiyo ilieleza kwamba zilikuwamo karatasi za uwongo, na baadhi ya watoto waliandikwa yatima hali wazazi wao wakijulikana. Wapo waliorudi wakiwa na mvi kumtafuta mama, wakakuta kaburi. Nimekaa kiti cha ukadhi miaka mingi, na mama aliyenyang'anywa mtoto nimewahi kumsikiliza. Sipendi kuisikia sauti ile tena.

Nilimjibu ndugu yetu kwamba kafala haina sharti la kulala nyumba moja. Ampelekee mjane huyo kodi ya nyumba, chakula na ada ya chuo na skuli kila mwezi, na gharama hiyo itakuwa chini ya nauli na wakili. Ikiwa mama naye atakufa, au atashindwa kwa maradhi, na hapana ami wala mjomba wa kumpokea, hapo na aniandikie tena, tutazame karatasi.