Deni la Mwenye Kalamu

Ajuaye kuandika ana uwezo juu ya wenzake kupita adhaniavyo. Aliyekufa hawezi kulisahihisha neno lililoandikwa juu yake, na asiyejua kusoma hawezi hata kulitambua. Kwa hiyo twauliza: mtu aandikapo maisha ya mwenzake, ana deni gani kwake? Swali hili latupasa sote tuliofundishwa kusoma na kuandika. Ili tusiseme mambo ya hewani, na tumtazame mwandishi mmoja ajulikanaye, Shaaban Robert, maana kalamu yake ilipita njia tatu: hadithi za kubuni, habari za maisha yake mwenyewe, na habari za mwanamke shujaa.

Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani karibu na Tanga, akasoma Dar es Salaam, na mwaka 1926 akaanza kazi katika idara ya forodha. Vitabu vyake vingi aliviandika huku akiitumikia serikali. Alifariki mwaka 1962.

Njia ya kwanza ni hadithi. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, Karama ashtakiwa na Majivuno kwa kuwa alitaka kufundisha watu elimu ya sheria. Nchi yenyewe iko angani, na majina ya watu ndiyo tabia zao. Ndivyo ilivyo pia katika Adili na Nduguze. Hapa mwandishi ni bwana wa nyumba yake. Akitaka Adili awe mwema siku zote, hakuna wa kumzuia wala wa kumdai, maana Adili hana kaburi wala ndugu. Msomaji ataka jambo moja tu, kwamba fundisho lenyewe liwe kweli.

Njia ya pili ni ngumu kuliko hiyo. Katika Maisha Yangu mwandishi ni shahidi, naye ndiye hakimu wa shauri lake mwenyewe. Lakini tukisoma twaona kwamba hakuna awezaye kujieleza peke yake. Yumo Amina, mkewe aliyekufa, ambaye alimwombolezea kwa shairi. Yumo binti yake, aliyemwandikia Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume, aliyemwandikia Utenzi wa Adili. Hao nao wameingia kitabuni, na twawajua kwa maneno ya mume na baba tu. Basi hata asimuliaye maisha yake amebeba mkononi amana za watu wengine.

Njia ya tatu ndiyo nzito kupita zote, nayo ni Wasifu wa Siti binti Saad, uliotokea mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, mama yake Mzigua, na jina alilopewa kwanza lilikuwa Mtumwa. Kwao walifinyanga vyungu, naye akavichukua kwenda kuviuza. Mwaka 1911 alikwenda kukaa mjini, akafundishwa kuimba taarabu. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Washindani wake walimtungia nyimbo za kuidhihaki sura yake na asili yake. Naye akawajibu kwa wimbo kwamba aibu ya mtu ni kukosa akili. Aliimba pia habari za wanyonge walioonewa mbele ya mahakama. Alifariki mwaka 1950. Na katika hayo yote hakujua kusoma wala kuandika.

Hapo ndipo deni laonekana. Shaaban Robert alipotaka kujieleza, alichukua wino na karatasi. Siti alikuwa na sauti, lakini kitabu hakuwa nacho. Alihitaji mkono wa mwingine. Na mkono huo ulikwisha kuzoea kufanya watu kuwa mifano ya wema. Ingekuwa rahisi kumfanya Siti kuwa Adili wa pili, jina tupu la subira au bidii, mpaka mwanamke mwenyewe apotee.

Tena mtu aweza kuuliza: Je, huyu aliyemwusia binti yake utii wa mke kwa mumewe, amewezaje kumsifu mwanamke aliyeacha kijiji chake, akasimama mbele ya wakubwa na kuimba? Sisi hatuoni haja ya kulifunika jambo hili. Mausia husema jinsi mzazi atakavyo mambo yawe. Maisha husema yalivyokuwa. Mwalimu akiandika kwa uaminifu maisha ya mtu wa kweli, mara nyingine maisha hayo yatampita mafundisho yake, na hiyo ni faida kwake na kwetu.

Basi twaona deni la mwenye kalamu kuwa mambo matatu. Kwanza, aulize na kusikiliza kabla ya kusifu. Pili, asiongeze wema ambao haukuwapo, maana sifa ya uongo yamdhulumu hata yule asifiwaye. Tatu, asipunguze dharau na taabu alizozipata mtu huyo. Wako wadhanio kwamba ni heshima kunyamaza juu ya jina la Mtumwa na juu ya vyungu vya Fumba. Lakini ushujaa hupimwa kwa jambo lililoukabili. Tukizificha dharau, tumewasitiri waliodharau, na yeye tumempunguzia ushindi wake.

Nasi, ndugu wasomaji, tuna kazi hii mikononi. Mara nyingi twaombwa kuandika wasifu wa marehemu usomwe penye mazishi. Akiwa mwanamume, twataja kazi zake na safari zake. Akiwa mwanamke, mara nyingi twasema alikuwa mke wa fulani na mama wa fulani, kisha twafunga karatasi. Labda alilima peke yake wakati wa njaa, akalea yatima, akasema kweli barazani wakati wengine waliponyamaza. Wengi wa mama zetu hawakupata kujifunza kuandika. Kwa hiyo tusingoje mpaka kaburi lichimbwe. Na tukae nao wangali hai, tuwaulize walikotoka na waliyoyashinda, tuyaandike kama walivyosema, kisha tuwasomee, ili waseme wenyewe kama ni kweli.