Kofia ya Chuma na Msasa



Ndugu zangu waumini, juzi baada ya swala ya Alasiri, kijana mmoja wa mtaa huu alinijia barazani na kitu amekifunga kwa kanga kuukuu. Ilikuwa kofia ya chuma ya Waingereza, ile ya ukingo mpana, ukiipindua ni kama bakuli. Babu yake, Mungu amrehemu, alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alikwenda Burma mwaka 1944 na akarudi nayo. Kijana alitaka kumfurahisha bibi, akaitoa kutu kwa brashi ya waya, kisha msasa, kisha siki. Iling'aa kama sufuria ya dukani. Ndani, pale babu alipoandika jina lake na namba ya jeshi kwa rangi nyeupe, pakang'aa vilevile.

Nilimfokea, tena mbele ya watu waliokuwa wakinywa kahawa. Nilimwambia rangi ya kofia zile ilitiwa mchanga makusudi, isimetemete juani adui akaiona, na yeye ameuondoa akidhani ni uchafu. Nilisema kweli. Kijana akainama, akaanza kuifunga tena ile kanga.

Usiku ule nilimkumbuka bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume. Masahaba walimrukia. Mtume, rehema na amani zimshukie, akawazuia: wamwache amalize, kisha pamwagwe ndoo ya maji. Msikiti ukasafika, na bedui akaondoka na heshima yake. Mtume huyo si mgeni wa chuma: siku ya vita vya Uhud pete za kofia yake zilizama shavuni, sahaba wake Abu Ubayda akazing'oa kwa meno yake mwenyewe, pole pole, mpaka meno ya mbele yakamtoka.

Asubuhi nikaenda kumwomba kijana radhi. Tukakaa na kofia, nikamwonyesha niliyofundishwa na jamaa aliyefanya kazi makumbusho. Shika kwa glovu, kwani jasho la mkono lina chumvi. Pangusa vumbi kwa brashi laini ya manyoya. Ukilazimika kutumia maji, iwe pamba iliyonyevuka tu, tena yasiwe maji ya kisima chetu hiki cha chumvi, na ukaushe papo hapo. Jaribu kwanza sehemu ndogo isiyoonekana. Kutu kavu iliyotulia iache. Inayokula chuma ni ile inayobaki unga kidoleni ukiigusa. Chuma kilicho uchi kipakwe nta, nyepesi sana. Ngozi na kitambaa cha ndani usivipake chochote. Na usiifungie kwenye mfuko wa plastiki, unyevu wa pwani utaimaliza humo.

Ziko kofia za chuma za karne ya 15, za Uajemi na Uturuki, zilizovaliwa juu ya kilemba. Nyingine ziko Istanbul, nyingine New York. Zimenakshiwa maandishi kwa fedha nyembamba mno, na mwenye kuzisugua ili zing'ae ndiye anayeyafuta maandishi yenyewe. Nami nawauliza, na najiuliza kwanza: mwanao alipochelewa kurudi, jirani alipokosea kisomo, ulishika brashi gani?

Jina la babu halirudi. Lakini kwenye mkanda wa kidevuni, upande wa ndani ambao msasa haukuufikia, tuliona herufi mbili za wino uliofifia. Hatukuzigusa. Bibi aliitwa, akazitazama muda mrefu, akasema mwandiko ni wa mumewe.

Kijana yupo nasi leo, na ni yeye aliyeniruhusu nisimulie haya. Tafadhalini, msigeuke kumtafuta.