Usingoje Jeneza

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8

Israeli walilala na kupumzika juu ya paa. Ndiyo maana Mungu aliagiza kila anayejenga aweke ukuta mdogo huko juu, mtu asije akaanguka. Kumbe kuzuia mtu asianguke ni jambo la kiroho!

Wazazi wetu kule mashambani hawaanguki kutoka juu ya paa. Wanaanguka usiku wakienda choo cha shimo nyuma ya migomba, matope yameteleza, taa hakuna. Na nyonga ikivunjika uzeeni, kuinuka tena ni vigumu.

Sasa tuangalie hesabu zetu. Mzazi akifa, grupu ya WhatsApp inafunguliwa siku hiyo hiyo. Kamati, tenti, mabasi, yote yanalipwa. Lakini kishikio cha choo hakina kamati! Mpendwa, hiyo bajeti imepinduka.

Krismasi hii ukienda nyumbani, usibebe sukari na mkate peke yake. Keti na wazazi uwaulize kwanza, maana boma ni lao: ni kazi gani imewalemea? Labda ng'ombe wawili wabaki mmoja. Labda tangi la maji ya mvua likae karibu na jikoni, mama asiteremke mtoni tena. Fundi aweke chuma cha kushikilia chooni na taa ya sola njiani. Ndugu mgawane gharama, kila mtu na sehemu yake na tarehe yake.

Soma pia 1 Timotheo 5:4. Utauwa huanzia nyumbani, wazazi wakiwa hai. Amina.