Mizigo Iliyopotea Njiani

Sifa zote njema ni za Allah (SW), Mjuzi wa siri na dhahiri. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, Suratu Yunus, aya ya 61, inatukumbusha kuwa hakuna kinachofichika kwa Mola, hata kilicho kidogo kuliko chembe. Wapo wahadhiri wanaoisoma aya hii, wakatangaza kuwa sayansi yote imo humo, kisha wakateremka mimbarini. Je, hilo latosha?

Tuchukue mfano wa nyutrino, chembe isiyo na chaji. Pauli aliitabiri mwaka 1930; Reines na Cowan wakaithibitisha mwaka 1956. Zinazotoka juani pekee, takriban bilioni 60 hupita kila sekunde kwenye eneo la ukucha wa kidole gumba, nawe huhisi lolote. Kwa nadra sana moja hugonga kiini cha atomi. Wataalamu hawaioni yenyewe. Huona vilivyorushwa nje ya kiini, na kutokana na hivyo hukadiria nishati iliyokuja nayo. Tatizo ni kuwa baadhi ya vilivyorushwa humezwa humo humo kiinini kabla ya kutoka.

Watu wa Tabora watalielewa hili upesi. Katika karne ya 19 misafara ya pembe ilitoka Ujiji, ikapita Kazeh, ikaelekea Bagamoyo. Aliyehesabu mizigo iliyofika Kazeh angejuaje ni mingapi iliyoondoka Ujiji, ilhali mingine iliachwa porini wapagazi walipougua au kutoroka? Angehitaji msafara ambao idadi yake ya kuondoka inajulikana, ailinganishe na ya kufika, ndipo ajue njia hula kiasi gani.

Msafara huo ndio elektroni. Nishati yake hujulikana kabla haijarushwa, nayo hugonga kiini kwa namna inayofanana, kwa sehemu, na ya nyutrino. Hesabu ikishindwa kwa elektroni, haiaminiki kwa nyutrino. Ikifaulu, bado kazi ipo, kwani nyutrino ina namna nyingine ya kugonga ambayo elektroni haituonyeshi.

Utaratibu huu si mgeni kwetu. Wanavyuoni wa Hadithi walipima umakini wa mpokezi kwa kulinganisha riwaya zake na za wapokezi madhubuti. Hawakuridhika na dhana.

Imam Ghazali aliihesabu elimu ya hesabu kuwa fardhi kifaya. Yaani tukiiacha sote, sote tuna dhambi. Tangu mwaka 2018 ipo Kigali taasisi ya Afrika Mashariki ya fizikia ya msingi, inayosomesha shahada ya uzamili. Je, wangapi watatoka kwetu?

Mzazi, mwanao akipenda fizikia, usimwambie kuwa hiyo ni elimu ya dunia tu. Nawe mwalimu wa madrasa, ukimfundisha aya ya chembe, mhimize akaichunguze chembe hiyo.

Wabillahi tawfiq.